Kabla Seli Haijaingia Ubongoni

Oktoba 2018, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, madaktari wa upasuaji walitoboa fuvu la mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa akiugua Parkinson. Kwa muda wa saa tatu hivi waliingiza seli zipatazo milioni 2.4 katika sehemu 12 za upande mmoja wa ubongo wake. Seli hizo hazikuwa zake. Zilianza kama seli za kawaida za mtu mwingine mwenye afya, zikarudishwa maabarani hadi hali ya seli shina, kisha zikaongozwa hatua kwa hatua ziwe seli changa za kutengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo wa mgonjwa wa Parkinson huishiwa nayo.

Mtu huyo alikuwa wa kwanza katika jaribio lile, lakini hakuwa kiumbe wa kwanza kubeba seli hizo. Walimtangulia panya wengi, na baada yao kundi dogo la kima ambao baadhi yao waliishi na seli za binadamu vichwani mwao hadi miaka miwili. Hao waliotangulia ndio nitakaowazungumzia. Wametufundisha mengi. Pale walipotupotosha, nikipitia rekodi ya miaka hamsini hivi, mara nyingi naona kwamba mnyama alijibu sawasawa swali aliloulizwa, ila swali lenyewe halikuwa lile ambalo mgonjwa alihitaji lijibiwe.

Dawa ya kumeza ina mwisho wake. Ini huivunja, figo huitoa, na ikileta madhara daktari huisimamisha, na baada ya siku chache mwili unakuwa umejisafisha. Seli haina mwisho wa namna hiyo. Ikishapandikizwa ubongoni hubaki humo, hula sukari na oksijeni ya mwenyeji wake, huota nyuzi, hutafuta seli jirani za kuungana nazo, na kama haikukomaa sawasawa huweza kuendelea kugawanyika kwa miezi au miaka. Hakuna daktari awezaye kuingia tena na kuzichomoa moja moja. Ndiyo maana maswali yanayotangulia jaribio la binadamu ni machache lakini mazito. Je, seli zitaishi? Zitakuwa kile zilichokusudiwa kuwa? Zitabaki pale zilipowekwa? Zitazaa uvimbe? Na zikiishi kwa amani, zitamwezesha mgonjwa kutembea, kushika kikombe, kujigeuza kitandani usiku?

Manne ya kwanza mnyama anaweza kuyajibu vizuri, kwa sharti moja gumu. Ili kuyajibu ni lazima ubongo utolewe, ukatwe vipande vyembamba kuliko karatasi, utiwe rangi, na seli zihesabiwe chini ya hadubini. Tuseme wazi: mnyama huuawa ili asomwe. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizoandikwa baada ya ukatili wa madaktari wa utawala wa Kinazi, zilitaka jaribio lolote la binadamu lisimame juu ya matokeo ya majaribio ya wanyama, na Azimio la Helsinki la 1964 likaushikilia msingi huo. Uamuzi ule wa kimaadili ulikuwa na sababu yake: watu walikuwa wametumiwa kama panya. Lakini haukusema jaribio la mnyama lifanyweje ili liwe na maana kwa mgonjwa. Kazi hiyo imeachiwa wanasayansi, nao wamejifunza kwa gharama kubwa.

Swali la tano ndilo lenye matatizo. Ili ulijibu, kwanza unahitaji mnyama mwenye ugonjwa, na panya hapati Parkinson. Inabidi atengenezwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Urban Ungerstedt wa Sweden alionyesha kwamba sumu iitwayo haidroksidopamini ikidungwa mahali maalumu ubongoni huua seli za dopamini na kuziacha nyingine nyingi zikiwa salama. Ukiidunga upande mmoja tu, panya hubaki na upande mzima na upande ulioharibika. Mpe amfetamini, ataanza kuzunguka akielekea upande ulioharibika, mzunguko baada ya mzunguko. Kwa mtafiti hii ilikuwa neema, maana ugonjwa uligeuka namba: unahesabu mizunguko kwa dakika kabla ya tiba, unahesabu tena baada yake, unalinganisha.

Mwaka 1979 makundi mawili, moja la Wamarekani na Waswidi kwa pamoja na jingine la mji wa Lund huko Sweden, yalitangaza kwamba panya waliopandikizwa seli za dopamini kutoka katika vijusi vya panya walipunguza kuzunguka. Seli ziliishi, zikaota nyuzi, zikatoa dopamini. Kwa mara ya kwanza ubongo wa mnyama mzima ulionekana kupokea kiraka. Msisimko ule ulikuwa wa haki kabisa. Ila tangu siku hiyo kipimo cha mizunguko kilitawala, na hakuna mgonjwa wa Parkinson aliyewahi kwenda hospitali kulalamika kwamba anazunguka.

Mnyama wa pili alitokana na balaa. Mwaka 1982 huko California vijana kadhaa waliojidunga heroini bandia waliganda ghafla, wakashindwa kusogea wala kusema, kama wazee walioishi na Parkinson kwa miaka ishirini. Daktari William Langston na wenzake waligundua kwamba mtengenezaji wa dawa ile alikosea kemia yake akazalisha sumu iitwayo MPTP. Sumu hiyo haiwadhuru sana panya wakubwa wa maabara, lakini kima huwafanya wagande, watetemeke na wajikunje karibu kama binadamu. Sasa watafiti walikuwa na kiumbe ambaye ugonjwa wake uliweza kutazamwa kwa macho bila kuhesabu mizunguko.

Ilipasa sasa kwenda taratibu: panya, kisha kima, kisha binadamu. Haikuwa hivyo. Kuanzia 1982 madaktari wa Stockholm walikuwa wameshajaribu kwa wagonjwa wachache kupandikiza ubongoni tishu ya tezi iliyo juu ya figo, kwa kuwa nayo hutengeneza kiasi cha dopamini, na faida waliyoiona ilikuwa ndogo. Mwaka 1987 daktari Ignacio Madrazo wa Mexico akatangaza kwamba wagonjwa wake wawili wamepona kwa kiwango cha kushangaza. Upasuaji huo ukaenea mfano wa moto wa nyika. Mamia ya watu wakafanyiwa katika nchi mbalimbali ndani ya miaka michache. Ushahidi wa wanyama uliokuwapo haukuwa na uzito wa kubeba mzigo ule, kwani tishu ya tezi ile haikuishi vizuri ubongoni. Wagonjwa wengi hawakupata nafuu ya kudumu, baadhi walipata madhara makubwa, na upasuaji ukaachwa. Hili siwezi kulilaumu kwa mnyama. Aliulizwa kidogo, na hata kile kidogo alichosema hakikusikilizwa.

Wakati huohuo Lund walikuwa wameanza njia yao. Mwaka 1987 Olle Lindvall, Anders Björklund na wenzao walipandikiza tishu ya ubongo wa kijusi cha binadamu kwa wagonjwa. Wawili wa kwanza walipata nafuu ndogo. Waliofuata, baada ya mbinu kuboreshwa, baadhi yao walifanya vizuri sana na kuna walioacha kwa miaka kutumia levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu. Marekani, baada ya serikali kuondoa mwaka 1993 zuio la kugharimia utafiti wa aina hiyo, ikaamua kupima jambo hili kwa ukali unaostahili: wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu, baadhi wapandikizwe, wengine watobolewe fuvu tu bila kuwekewa kitu, na mgonjwa asijue yumo kundi gani.

Matokeo ya jaribio la kwanza yalichapishwa 2001. Wagonjwa walikuwa 40. Walio na umri wa miaka 60 au chini yake walionekana kunufaika kiasi. Waliozidi hapo, hapana. Lakini lililowashtua wote lilikuwa jingine: takriban asilimia 15 ya waliopandikizwa walianza, baada ya mwaka wa kwanza, kupata miondoko isiyodhibitika ya uso, mikono na miguu hata walipokuwa hawajameza dawa yoyote. Jaribio la pili, la wagonjwa 34, lilichapishwa 2003. Halikuonyesha faida ya jumla, na kati ya 23 waliopandikizwa, 13 walipata miondoko ileile.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye somo kubwa kuliko yote katika historia hii. Kwa zaidi ya miaka ishirini panya waliopandikizwa seli za dopamini walikuwa wakichunguzwa katika maabara za nchi nyingi. Kwa nini hakuna aliyetuonya? Kwa sababu panya yule aliumizwa ubongo leo, akapandikizwa baada ya wiki chache, akapimwa mizunguko. Mgonjwa wa kweli hafiki kwenye chumba cha upasuaji namna hiyo. Hufika akiwa na miaka kumi au zaidi ya ugonjwa, amemeza levodopa kila siku, na ubongo wake umeshabadilika kwa sababu ya dawa yenyewe. Baada ya majaribio yale kuvunjika, watafiti walirudi kwa panya. Safari hii waliwapa kwanza levodopa kwa wiki kadhaa hadi wakaanza kuonyesha miondoko isiyo ya kawaida, ndipo wakawapandikiza. Halafu wakatazama kwa makini mdomo, shingo na mguu wa mbele badala ya kuhesabu mizunguko peke yake. Miondoko ya ajabu iliyotokana na kipandikizi ikaonekana. Jibu lilikuwamo ndani ya panya. Hakuna aliyekuwa ameliomba.

Yapo mengine ambayo panya asingeweza kuyasema hata kwa kuulizwa vizuri. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya kuchunguza ubongo wa wagonjwa waliofariki miaka 11 hadi 16 baada ya kupandikizwa. Baadhi ya seli zilizopandikizwa, ambazo zilitoka kwa vijusi na kwa hiyo zilikuwa changa kuliko ugonjwa wenyewe, zilikutwa na mabonge ya protini yanayoutambulisha ugonjwa wa Parkinson. Ugonjwa ulikuwa umevuka kutoka ubongo wa mwenyeji ukaingia kwa wageni. Panya huishi miaka miwili au mitatu, na ugonjwa wake ni jeraha la siku moja lisiloendelea kusambaa. Kima aliyepewa MPTP naye hasambazi kitu. Swali la miaka kumi na nne linajibiwa na miaka kumi na nne, na aliyelijibu alikuwa mgonjwa mwenyewe aliyekubali ubongo wake uchunguzwe baada ya kifo.

Tuingie sasa kwenye uti wa mgongo, kwa kuwa huko kumetokea mambo mawili ninayotamani kila anayefuatilia tiba za seli ayafahamu.

La kwanza ni la kampuni ya Geron ya California. Seli shina kutoka viinitete vya binadamu zilikuwa zimetengwa kwa mara ya kwanza na James Thomson wa Wisconsin mwaka 1998, na Geron ilitaka kuwa ya kwanza kuzifikisha kwa mgonjwa. Walitengeneza kutokana nazo seli zinazoweka utando wa mafuta kuzunguka nyuzi za neva, ule unaozifanya zipitishe ishara haraka. Utafiti wa panya uliochapishwa 2005 ulionyesha jambo mahususi: panya waliopandikizwa siku saba baada ya kuumizwa uti wa mgongo walitembea vizuri zaidi, waliopandikizwa baada ya miezi kumi hawakupata chochote. Kwa hiyo jaribio la binadamu liliwalenga walioumia ndani ya siku 7 hadi 14, na wengine wote, ambao ndio wengi, waliachwa nje. Ni uchungu kumwambia mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu miaka mitano kwamba tiba hii haimhusu, lakini huko ndiko kumsikiliza mnyama kwa uaminifu.

Maombi waliyoyapeleka kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, yalizidi kurasa 20,000. Ruhusa ilitoka Januari 2009. Agosti mwaka huohuo ikasimamishwa, kwa kuwa katika panya wa utafiti mwingine vilionekana vifuko vidogo sana vya majimaji mahali palipopandikizwa. Havikuwa saratani, havikuwa vikikua, na panya hawakuonekana kuumwa. Hata hivyo kampuni ilirudi maabarani karibu mwaka mzima, ikaboresha vipimo vya usafi wa seli, ikarudia utafiti, na ruhusa ikarejeshwa Julai 2010. Mgonjwa wa kwanza alipandikizwa Oktoba 2010 katika kituo cha Shepherd mjini Atlanta. Mwaka mmoja baadaye Geron iliachana na mradi kwa sababu za fedha, na kampuni nyingine ikauendeleza. Watu waliulaumu ule mwaka wa kusubiri. Mimi nauona kama mfano wa jinsi mambo yanavyopaswa kwenda.

La pili ni la kampuni ya StemCells Inc., na linasikitisha. Kampuni hiyo ilikuwa na seli shina za neva zilizotokana na tishu ya kijusi cha binadamu. Katika maabara ya Aileen Anderson, Chuo Kikuu cha California mjini Irvine, seli za aina hiyo zilikuwa zimewasaidia panya walioumia uti wa mgongo. Lakini seli zilizotumika kwa panya na seli zilizoandaliwa kwa wagonjwa zilitoka katika mistari tofauti ya uzalishaji. Timu ya Irvine ilipoupima kwa panya ule mstari uliokusudiwa kwa wagonjwa wenye majeraha ya shingo, haukuleta nafuu. Jaribio la binadamu liliendelea. Mwaka 2016 lilisimamishwa kwa kuwa faida iliyoonekana ilikuwa hafifu, na mwaka 2017 Anderson na wenzake wakachapisha waziwazi matokeo yao ya panya. Funzo lake ni rahisi kutamka na gumu kulitii kiwandani: jina moja la bidhaa halifanyi seli kuwa zilezile. Seli ni kiumbe hai. Chupa ya leo yaweza kutofautiana na chupa ya mwaka jana kwa chanzo chake, kwa idadi ya mara ilizogawanyika, kwa namna ilivyogandishwa na kuyeyushwa. Jaribio la mnyama lina thamani pale tu mnyama anapopewa seli zilezile zitakazoingia kwa mgonjwa.

Kutokana na makovu haya, kizazi cha sasa cha tiba za Parkinson kimejengwa tofauti. Hofu ya kwanza ni uvimbe. Seli shina za kiinitete, na zile alizozibuni Shinya Yamanaka mwaka 2006 kwa kurudisha nyuma seli za kawaida, zina uwezo wa kugeuka seli ya aina yoyote, na hapohapo ndipo penye hatari: chache zikibaki bila kuongozwa huweza kuota uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu. Mwaka 2006 timu moja ya Marekani iliwapandikiza panya seli za dopamini zilizotokana na seli shina. Panya walipata nafuu nzuri, lakini walipochunguzwa ubongo zilikutwa humo seli zilizokuwa bado zinagawanyika. Aliyetazama mwendo wa panya peke yake angesherehekea.

Kupima uvimbe kunahitaji muda, na seli ya binadamu hufuata saa yake yenyewe. Hata ikiwa ndani ya panya hukomaa kwa mwendo wa binadamu. Seli za dopamini huchukua miezi minne, mitano, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuanza kazi. Utafiti wa wiki sita hausemi kitu. Ndiyo maana timu ya Lund na Cambridge, iliyompandikiza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 2023, kwanza iliwafuatilia panya wiki 39. Panya hao huwa wamezaliwa bila seli muhimu za kinga, la sivyo mwili wao ungeziua seli za binadamu. Hapo napo pana pengo: mnyama asiye na kinga hawezi kutuambia mgonjwa mwenye kinga atazipokeaje seli za mtu mwingine. Wajapani walijaribu kuliziba kwa kufanya pia majaribio ya seli za kima ndani ya kima, wakilinganisha wenye tishu zinazooana na wasiooana.

Ukubwa nao si jambo dogo. Ubongo wa panya mkubwa wa maabara una uzito wa gramu mbili hivi, wa kima hauzidi gramu 100, wa binadamu hufikia 1,400. Sindano inayofika kila mahali kwa panya haifiki kwa binadamu, na uzi wa neva uliotosha kuvuka milimita mbili sasa unatakiwa kuvuka masafa marefu zaidi. Kipimo cha dozi hakikokotolewi kwa kuzidisha uzito. Kwa sababu hiyo kima alihitajika, na utafiti wa Jun Takahashi wa Kyoto uliochapishwa 2017 ndio uliofungua mlango wa upasuaji ule wa 2018: seli za dopamini za binadamu ziliishi ndani ya kima wagonjwa hadi miaka miwili, mwendo wao ukaimarika, na hakuna uvimbe ulioonekana.

Majibu kutoka kwa wagonjwa yalitoka Aprili 2025, tafiti mbili katika toleo moja la jarida la Nature. Kyoto walipandikiza wagonjwa saba. Hapakuwa na madhara makubwa wala uvimbe, na kati ya sita waliopimwa kwa ajili ya nafuu, wanne waliboreka wakiwa hawajameza dawa. Utafiti wa Amerika Kaskazini, wa seli za kampuni ya BlueRock, ulihusisha wagonjwa 12 waliofuatiliwa miezi 18. Nao haukukuta uvimbe, wala ile miondoko iliyowatesa wagonjwa wa 2001 na 2003. Yale ambayo wanyama waliulizwa safari hii, waliyajibu kwa usahihi. Usalama ulitabiriwa, ukathibitika.

Nafuu bado. Katika tafiti zote mbili kila mgonjwa alijua amepandikizwa, na Parkinson ni ugonjwa ambao matumaini yenyewe huweza kuinua dopamini na kuboresha mwendo kwa miezi. Jaribio kubwa lenye upasuaji wa kuigiza ndilo litakaloamua, na hakuna mnyama anayeweza kulifanya kwa niaba yetu, kwa kuwa mnyama hatarajii kupona.

Na wanyama wenyewe? Siamini kwamba mtu anaweza kuandika juu ya jambo hili bila kusimama mbele yao. Tafiti nyingi za MPTP zilifanyika katika kisiwa cha St. Kitts, Karibea, kwa tumbili ambao mababu zao walibebwa kutoka Afrika Magharibi katika meli za enzi za biashara ya utumwa. Ni jamaa wa karibu wa tumbili wanaotuibia mahindi huku kwetu. Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kima wa maabara duniani. Kima aliyepewa sumu ile hulazimika kulishwa kwa mkono, hushindwa kujisafisha, na huenda anajua kwamba ameshindwa. Mateso hayo ni ya kweli, na yanadai tuwe na sababu nzito.

William Russell na Rex Burch waliweka mwaka 1959 kanuni ambayo bado inaongoza maabara nyingi: tumia njia mbadala inapowezekana, punguza idadi ya wanyama, punguza maumivu. Marekani ilipitisha Desemba 2022 sheria inayoondoa ulazima wa kupima kila dawa kwa wanyama kabla ya binadamu, na vijiubongo vinavyooteshwa maabarani kutokana na seli shina vinaboreka. Kwa dawa nyingi nafurahia mwelekeo huo. Kwa seli zinazopandikizwa ubongoni, naona muda haujafika. Kijiubongo cha ukubwa wa punje ya mbaazi hakina damu inayozunguka, hakina kinga, hakina mguu wa kutetemeka, na hakiwezi kutuonyesha seli iliyohama kutoka pale ilipowekwa.

Ila jaribio baya la mnyama silioni kuwa na utetezi wowote. Tafiti nyingi za zamani za magonjwa ya neva hazikugawa wanyama kwa bahati nasibu, wala aliyepima hakufichwa yupi alipata tiba. Uchambuzi mmoja wa 2006 ulihesabu tiba 1,026 zilizopendekezwa kwa ajili ya kiharusi. Nyingi ziling'aa kwa wanyama, na karibu zote zilizofika kwa watu zilishindwa. Mwongozo uitwao ARRIVE uliotolewa 2010 ulitaka watafiti waeleze mambo haya ya msingi. Mnyama aliyekufa katika utafiti usioweza kuaminika amekufa bure, na mgonjwa aliyejengewa matumaini juu yake amedanganywa.

Kwetu Afrika Mashariki majaribio haya hayajafika, lakini wagonjwa tunao. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulipita katika jamii ya watu zaidi ya 161,000 na kukuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo, au yenye kijana aliyevunjika shingo kwenye ajali ya bodaboda, ikifungua simu hukutana na matangazo ya kliniki za ng'ambo zinazouza sindano za seli shina kwa maelfu ya dola. Mtoto mmoja kutoka Israel mwenye ugonjwa wa kurithi wa neva alipelekwa Moscow kuanzia 2001 kudungwa seli za vijusi. Miaka michache baadaye alikutwa na uvimbe ubongoni na kwenye uti wa mgongo, na vipimo vilionyesha uvimbe ule ulitokana na seli zile alizodungwa. Mmarekani mmoja aliyepata kiharusi alidungwa China, Argentina na Mexico; ripoti iliyochapishwa 2016 ilieleza tungamo lililoota kwenye uti wake wa mgongo, lenye seli ambazo si zake.

Hatari hiyo ndiyo hasa ambayo panya asiye na kinga, akifuatiliwa miezi tisa, huwekwa kuifichua. Kwa hiyo familia inayoshawishika na iulize kliniki: seli hizi hizi mtakazomdunga mgonjwa wetu, kutoka chupa za uzalishaji huuhuu, ziliwahi kuwekwa katika mnyama gani? Walikuwa wangapi, na walifuatiliwa kwa muda gani? Walikuwa wameumia muda mrefu kama mgonjwa wetu, au siku saba tu? Matokeo yalichapishwa wapi, na mamlaka gani ya dawa iliyasoma? Na iulize pia nani anayelipa, kwa kuwa katika majaribio rasmi kama yale ya Kyoto na Lund gharama ya seli na ya upasuaji hubebwa na wanaofanya utafiti, wala mgonjwa hatakiwi kuuza kiwanja.